Mkono wa Idi, Mkono wa Buriani

Kiswahili kimeupa mkono kazi nyingi zaidi ya kushika. Siku ya sikukuu watoto wa visiwani hupita nyumba kwa nyumba wakidai mkono wa Idi, na kinachotiwa kiganjani mwao, hata kiwe sarafu mbili tu, hakiitwi fedha, huitwa mkono. Aliyefiwa hupewa mkono wa pole. Anayeondoka hupewa mkono wa buriani. Katika hali zote tatu lugha imekataa kukitenga kitu kinachotolewa na kiungo kinachokitoa. Mtoto hajui haya, wala hana haja ya kuyajua; yeye anataka kwenda kununua ubuyu. Sisi tuliokwisha kukua twaweza kuuliza: kwa nini furaha ya Idi na huzuni ya kuagana zimepewa neno moja?

Nalikabili swali hilo kwa kupitia swali jingine lililo gumu zaidi. Mtu anayeiaga nyumba aliyolelewa, nyumba ambayo kesho itakuwa ya watu wengine, anadaiwa nini? Na anayemdai ni nani? Sheria ya mirathi ina jibu lake, nalo ni wazi: mafungu yanajulikana, kila mrithi na haki yake. Dalali naye ana jibu lake. Hata hivyo, anayesimama uani na funguo mkononi anahisi kuwa pamebaki jambo ambalo halikuandikwa katika hati ya mauzo. Makala haya yanalitafuta jambo hilo.

Nimechagua kulitafuta Tabora, kwa sababu Tabora ni mji uliozaliwa na safari. Burton na Speke walipofika Kazeh, kama sehemu hiyo ilivyojulikana wakati ule, tarehe 7 Novemba 1857, walikuwa wametumia zaidi ya miezi minne njiani kutoka pwani. Waliwakuta wafanyabiashara Waarabu na Waswahili waliokwisha kujenga matembe na kupanda bustani. Hapo njia iligawanyika: moja ikaelekea Ujiji na Ziwa Tanganyika, nyingine Karagwe na Buganda, nyingine ikateremka kusini-magharibi. Msomaji wa visiwani asidhani kuwa namtembeza ugenini. Muhammed bin Juma, baba yake Tippu Tip, alikuwa na maskani yake Ituru, karibu na Tabora. Naye mwana, baada ya safari zake zote, alifia Unguja mwaka 1905. Kwa muda mrefu Unguja na Unyanyembe zilikuwa ncha mbili za kamba moja, na waliokuwa wakiaga ncha hii walikuwa wakipokewa kwenye ncha ile.

Nyumba niliyonayo akilini iko Ng'ambo. Ng'ambo ya Tabora, si ile ya Unguja. Ni nyumba ya kawaida: kuta nene za udongo, bati lililokuja baadaye kuchukua nafasi ya paa la kale, ua wenye mwembe mkubwa, na chumba cha ndani kilichokuwa baridi hata mwezi wa Oktoba, wakati Tabora nzima inapotafuta kivuli. Aliyeijenga ni babu. Warithi wake walikwisha kutawanyika: wapo Dar es Salaam, wapo Mwanza, wapo Unguja, wapo Maskat. Aliyebaki ndani alikuwa shangazi peke yake, naye macho yalianza kumpungua na binti yake alitaka kumchukua akaishi naye. Ikaamuliwa kuwa nyumba iuzwe baada ya Idd el Fitr, ili jamaa wapate kukutana humo kwa mara ya mwisho.

Shangazi hakuupinga uamuzi. Alitoa sharti moja tu. "Mwaka huu," alisema, "mtu asiniletee kitu cha dukani. Njooni na kitu kilichotoka mkononi mwenu, au mkononi mwa mtu mnayemjua jina."

Sharti hilo, lililoonekana jepesi, liliwatia wengi katika taabu. Katika nyumba za wengi wetu hakuna tena mkono unaotengeneza kitu. Mabibi zetu walisuka ukili huku wakizungumza, vidole vikienda vyenyewe, na hakuna aliyesema kuwa wanafanya kazi. Kofia ya viua ilishonwa na mke kwa ajili ya mumewe, au na mama kwa ajili ya mwanawe, tundu baada ya tundu kwa wiki nyingi, na wajuao waliutambua mkono wa mshonaji kwa kuitazama tu. Leo mikeka ya plastiki na kofia za mashine huvuka bahari na kutufikia zikiwa rahisi kuliko uzi wa kushonea. Silaumu, mwenye watoto sita wa kuvisha siku ya Idi hana wiki za kuhesabu matundu. Natoa taarifa tu ya mahali tulipofika.

Sokoni Tabora vitu vya mkono bado vipo. Ipo mikeka ya ukindu, vipo vyungu na vibuyu, ipo miiko ya mbao, na ipo asali ya miombo, ambayo kila mtu wa pwani huagiza akisikia kuwa jamaa yake anakwenda bara. Lakini muulize muuzaji: mkeka huu umesukwa na nani? Atacheka, kisha atajibu, "Umetoka vijijini." Atakuambia bei, atakuambia utadumu miaka mingapi, jina hana. Hapo ndipo sharti la shangazi lilipoanza kueleweka. Hakuwa akitaka ukale, wala uzuri, wala kuzilinda sanaa za jadi, maneno ambayo twayasikia katika hotuba. Alitaka jina. Alitaka kila kitu kitakachoingia katika nyumba ile siku ya mwisho kiingie pamoja na mtu.

Mmoja wetu alileta kilindo, chombo cha mviringo chenye kifuniko, kilichotengenezwa kwa gome la mti, ambacho watu wa Unyamwezi walizoea kuhifadhia nafaka na vitu vya thamani. Aliyekitengeneza alipatikana, ni mzee, na jina lake likatajwa mbele ya shangazi. Mzee huyo alikuwa ameeleza, bila kuulizwa, kuwa mti unaovuliwa gome mzingo mzima hufa; ndivyo ilivyo kwa kilindo na ndivyo ilivyo kwa mzinga wa nyuki wa gome. Basi hata zawadi ya mkono ina gharama inayobebwa na asiyekuwepo. Nalitaja hili mapema ili tusije tukajidanganya kuwa kila kilichofanywa kwa mkono ni safi kwa sababu hiyo tu. Nitalirudia.

Sasa turudi kwenye nyumba. Katika mazungumzo ya warithi zilisikika rai mbili, nazo husikika katika kila ukoo unaokabiliwa na jambo hili. Rai ya kwanza inasema nyumba ni milki. Ni udongo, mbao na bati. Waliomo ndio waliokuwa na thamani, nao wamekwisha kwenda zao. Kuishikilia ni kuabudu ukuta. Isitoshe, nyumba ya udongo haikubali kufungwa kufuli ikangoja: kila masika hutaka mkono wa kuikandika, na ikikosa mkono huo kwa misimu michache huanza kurudi ardhini ilikotoka. Bora iuzwe ingali nyumba, kila mmoja apate fungu lake, mtoto alipiwe ada, mgonjwa atibiwe.

Rai ya pili inasema nyumba ni amana. Aliyeijenga hakuijenga kwa ajili ya soko. Humo vilizikwa vitovu, humo walioshwa maiti. Anayeuza hauzi chake peke yake, anauza na cha waliokufa na cha ambao hawajazaliwa, nao hawakuulizwa.

Rai zote mbili zina nguvu, na kila moja ina pengo. Anayesema milki hawezi kueleza kwa nini yeye mwenyewe, baada ya kutia saini, alizunguka ua mara tatu bila sababu. Anayesema amana naye ana la kujibu: amana hurejeshwa kwa mwenyewe, na mwenyewe hapa ni nani? Aliyetaka nyumba yake isiuzwe milele alikuwa na njia. Waislamu wa mwambao na wa bara waliijua wakfu, na Zanzibar hadi leo ina Kamisheni yenye dhamana ya mali za namna hiyo. Babu alikuwa mtu wa elimu, aliijua njia hiyo, na hakuifuata. Aliwaachia warithi. Kunyamaza kwake nakusoma kuwa ni ruhusa.

Kuna neno la tatu, nalo tunalo mdomoni kila sikukuu bila kulisikiliza. Wanaolifuatilia neno zawadi hadi kwenye Kiarabu hulihusisha na *zad*, yaani masurufu ya safari, chakula anachofungiwa msafiri. Tukiipokea asili hiyo, zawadi si kitu cha kuwekwa kabatini. Ni kile unachopewa ili uweze kuondoka. Mama anayemfungia mwanawe mkate na maji hatarajii kuvikuta vimehifadhiwa miaka kumi baadaye. Akivikuta, atajua kuwa mwanawe alishinda na njaa. Nyumba ya utotoni naiona kuwa ni zawadi kwa maana hiyo ya kale. Tulipewa tule, tupate nguvu, tuende. Anayeiaga hakuisaliti, ameitumia kwa kazi iliyokusudiwa.

Lakini zawadi haimwachi mtu huru. Mwanazuoni Mfaransa Marcel Mauss aliandika mwaka 1925 kuwa katika jamii nyingi zawadi humfunga anayeipokea: sharti itolewe, sharti ipokewe, sharti irejeshwe. Watu wa njia ya misafara wasingehitaji kuambiwa hayo. Msafara uliotoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe ulipita katika nchi za watawala wengi, na karibu kila mmoja wao alitaka hongo: pande za merikani na kaniki, shanga, nyaya za shaba. Wazungu waliosafiri njia hiyo wamejaza vitabu vyao malalamiko juu ya hongo. Sisi nasi tumelishusha neno hilo hadi likawa jina la rushwa. Lakini katika asili yake hongo ilikuwa na haki ndani yake. Ilikuwa ni kukiri kuwa nchi unayoikanyaga ina wenyewe, na kuwa kisima unachokunywa kilichimbwa na mtu.

Tofauti ya hongo na zawadi haiko katika kitu, kwa kuwa pande lile lile la merikani liliweza kuwa hili au lile. Iko katika nia. Hongo hutolewa ili mtu apite, mambo yaishe. Zawadi hutolewa ili mambo yasiishe. Nikitumia kipimo hicho, naona kuwa vingi tunavyowapelekea wazee wetu sikukuu zinapofika ni hongo ya zamani iliyofungwa kwa karatasi inayong'aa. Twatuma fedha kwa simu, twatuma seti ya vyombo, twatuma televisheni kubwa kuliko ukuta, na ndani ya nafsi twasikia nafuu ya mtu aliyeruhusiwa kupita. Shangazi alikuwa ameletewa vitu kama hivyo kwa miaka mingi, akashukuru kila mara. Safari hii, wakati tunaiuza nyumba aliyomo, alikataa kupokea hongo. Sharti lake lilikuwa na maana hiyo, na nadhani alijua.

Hapa pana pingamizi ambalo mwandishi mwaminifu hawezi kulikwepa, hasa akiwa anaandika juu ya Tabora. Tumesema zawadi iwe na mkono, na mkono uwe na jina. Je, mikono iliyojenga? Njia ya misafara ilipitisha pembe za ndovu, na ilipitisha watu. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa kwa mkataba wa mwaka 1873. Hali ya utumwa ikafutwa kisheria Unguja na Pemba mwaka 1897. Tanganyika ilingoja hadi mwaka 1922. Matembe yaliyosifiwa na wageni, bustani zao, mashamba yaliyowalisha wenyewe, mengi yalitokana na mikono ambayo haikuulizwa kama inapenda. Watu hao walipewa majina na waliowamiliki, majina kama Mabruki na Feruzi, yenye kutangaza baraka na thamani ya kito, nayo yalikuwa ni bahati ya mwenye mali; majina waliyopewa na mama zao yalibaki njiani.

Nyumba yetu ilianza kujengwa kabla ya mwaka 1922. Usiku wa Idi shangazi alieleza jambo ambalo wengi wetu hatukuwa tumelisikia: kuta za chumba cha ndani, kile chumba chenye ubaridi tuliochezea sote, zilikandikwa kwanza na mwanamke aliyeletwa kutoka upande wa magharibi akiwa msichana, akaishi humo hadi kufa. Bibi alimwambia shangazi kuwa alikuwa na mkono mzuri wa udongo. Jina lake la kweli halijulikani. Basi sharti la jina, tulilolitimiza kwa vijiko na kofia, halikuweza kutimizwa kwa ukuta tulioegemea wakati tukilitimiza. Kitu kilichofanywa kwa mkono si lazima kiwe zawadi. Mkono wenyewe waweza kuwa umeibiwa.

Ndiyo maana sipendi tena kuitumia ovyo methali isemayo mwacha asili ni mtumwa. Najua inachokusudia, na mahali pake ina hekima. Lakini hutajwa kila mara mtu anapouza nyumba ya ukoo, na katika njia ya Tabora inasomeka kinyumenyume. Hapo mtumwa hakuwa mtu aliyeiacha asili yake. Alikuwa mtu aliyenyang'anywa. Hakuaga, hakupewa mkono, hakufungiwa masurufu. Kama utumwa wa njia ile una funzo kwa anayeondoka nyumbani leo, funzo hilo ni kuwa kuaga ni alama ya mtu huru. Kosa haliko katika kuondoka. Liko katika kuondoka kama mtu aliyefukuzwa wakati hakuna aliyekufukuza, au katika kumfanya mwingine aondoke hivyo.

Na wapo waliofanywa hivyo katika zama ambazo bado zina mashahidi. Visiwani, mwezi wa Januari 1964, wapo walioziacha nyumba zao bila kupata nafasi ya kufunga mlango, na wengine wao wamezeekea Maskat na Dubai wakijua hadi leo ni ngazi ipi iliyokuwa ikilia. Bara, baada ya kutolewa amri mwaka 1973 kuwa hadi mwisho wa mwaka 1976 wananchi wote wawe katika vijiji, familia nyingi zilihamishwa kwa haraka, na baadhi ziliyaona mapaa yao yakibomolewa. Sitaki kuyalinganisha mambo hayo na mauzo ya hiari ya nyumba moja ya Ng'ambo. Nayataja kwa sababu yanaongeza uzito wa wajibu. Aliyepewa nafasi ya kuaga, kisha akatuma saini yake kwa barua asije, amekitupa kitu ambacho wengine walikililia.

Kuaga vizuri basi ni kufanyaje? Njia ile ile ya misafara imeacha mfano mmoja. David Livingstone alikaa Kwihara, nje kidogo ya Tabora, mwaka 1872, akingoja wapagazi na vifaa kutoka pwani, kisha akaelekea kusini na kufa tarehe 1 Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, ambacho leo kiko Zambia. Watu wake, wakiongozwa na Chuma na Susi, walikuwa na sababu zote za kumzika hapo na kurudi makwao. Chuma mwenyewe alikuwa ameokolewa utumwani akiwa mtoto, naye alijua maana ya mwili kubebwa bila ridhaa. Waliutoa moyo wakauzika chini ya mti, Jacob Wainwright akachonga maandishi kwenye gome, na Chitambo akaombwa apatunze mahali hapo. Kisha wakaukausha mwili na kuubeba. Mwezi wa Oktoba, walipofika Unyanyembe, walikutana na Cameron, ofisa wa Kiingereza, akawashauri wauzike mwili hapo hapo. Wakakataa. Februari 1874 wakaufikisha Bagamoyo.

Historia imelitumia tukio hilo kumtukuza aliyebebwa. Mimi nawatazama waliobeba. Hawakulichukulia swali kuwa ni la kubeba yote au kuacha yote, kama wanavyolichukulia wenye rai ya milki na wenye rai ya amana. Waliamua kipi kibaki na kipi kiende. Wakapaweka alama mahali pa kilichobaki. Na, jambo ambalo wengi hulisahau, wakamkabidhi mwenyeji. Moyo ulibaki chini ya uangalizi wa mtu mwenye jina. Na walikuwa wakielekea mji ambao jina lake wengi hulieleza kuwa ni bwaga moyo. Wako wanaolisikia jina hilo kuwa kilio cha mtumwa anayeuacha moyo wake barani, na wako wanaolisikia kuwa pumzi ya mpagazi anayetua mzigo na kutulia. Neno ni lile lile. Aliyeshushwa mzigo kwa ridhaa na aliyenyang'anywa kila kitu hawalitamki kwa sauti moja.

Kuna njia nyingine ya kuzitendea nyumba za kale, nayo pia iko Kwihara. Tembe alimokaa Livingstone lilibomoka, likajengwa upya mwaka 1957, na sasa ni makumbusho. Mwaka 2006 Tanzania iliiweka njia hiyo ya pembe na watumwa, pamoja na Kwihara, Bagamoyo, Ujiji na vituo vingine, katika orodha ya awali ya kuombea hadhi ya urithi wa dunia. Ni vyema, taifa linahitaji mahali pa kukumbukia, na watoto wa shule wanahitaji kuonyeshwa. Lakini tembe hilo linalindwa kwa sharti la kutokaliwa. Hakuna anayepika humo, hakuna mtoto atakayeanguka kizingitini akalia. Wako jamaa wanaotaka kuifanyia nyumba ya wazee jambo hilo hilo kwa kiwango kidogo: kuifunga, kuipiga picha, kuitembelea mara moja kila miaka mitatu. Kwa nyumba ya kawaida naliona jambo hilo kuwa ni ubahili uliovaa vazi la upendo. Nyumba hutaka mkono wa kila masika. Aliye mbali hana mkono huo, na asimnyime aliye karibu.

Siku ya makabidhiano ilikuwa ya tatu baada ya Idi. Mnunuzi ni fundi, mwenye mke na watoto wadogo. Shangazi alimzungusha nyumba nzima kama anavyozungushwa bwana harusi kwa wakwe. Akamwonyesha bati linalovuja, mlango unaokwama wakati wa mvua, tawi la mwembe lisilofaa kupandwa na mtoto, na kona ya ua vilipozikwa vitovu. Akamwingiza chumba cha ndani, akamweleza habari za mwanamke aliyeukandika ukuta, akamwambia kuwa jina lake hatulijui, na kuwa yeye sasa ni miongoni mwa wenye kulijua hilo. Fundi yule alisikiliza, kisha akautoa mkono, na shangazi akaupokea.

Sisi nasi tulikwisha kupewa wetu. Wakati wa Ramadhani shangazi alikuwa amesuka ukili mrefu wa mkeka wa watu wazima, kwa vidole, maana macho hayakumsaidia sana. Hakuushona. Aliukata vipande, akampa kila mrithi kimoja. Kipande kimoja cha ukili hakina kazi. Hakilaliwi, hakiswaliwi juu yake. Kinaweza kuwa mkeka iwapo tu waliovichukua watakutana tena na kuvishona. Hakuongeza neno.

Sasa naweza kulijibu swali la mwanzo kwa kadiri ya uwezo wangu. Idi na buriani zimepewa mkono mmoja kwa sababu zote mbili humtaka mtoaji awepo. Fedha yaweza kufika bila mtu, na hati yaweza kusainiwa kwa uwakilishi; mkono hauna wakili. Anayeiaga nyumba ya utotoni hadaiwi kuibakiza, wala hadaiwi kulia. Anadaiwa kuja, kuwataja waliojenga, na kumkabidhi anayeingia kwa maneno yenye manufaa. Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri, nao hawakutofautisha kutoa zawadi na kutoa nyumba.

Deni moja halikulipwa, nalo halitalipwa kwa kuaga kokote. Yule mwanamke wa chumba cha ndani hana mrithi tunayemjua wa kupewa fungu, wala jina la kutajwa katika dua. Walichoweza warithi ni kutolifunika: kulisema kwa watoto wao, na kulisema kwa mnunuzi, ili ukuta usiwe wa bure kwa yeyote atakayeuegemea baada yetu. Najua kuwa ni kidogo. Lakini nyumba nyingi kando ya njia ile zimeuzwa, zimerithiwa na zimebomolewa bila hata hicho kidogo, na anayejiandaa kuiaga ya kwake, Tabora au Ujiji au Malindi ya Unguja, bado ana muda wa kumuuliza mzee aliyebaki ndani: ni nani aliyeukandika ukuta huu kwanza?